Alizeti Iliyohama

Wapo vijana waliozaliwa ili wapendwe na wazazi wa wasichana wanaowapenda. Mimi sikujaliwa kuwamo katika kundi hilo tukufu, na sababu yake ilikuwa jogoo.

Bila jogoo huyo, hakuna atakayeelewa kwa nini Jumapili ile nilisimama sebuleni kwa Mzee Adolfu, mtaa wa Mazwi, shati limefungwa mpaka kifungo cha kooni, viganja vimelowa jasho, na huko nje Sumbawanga nzima inajikunyata kwa baridi ya Julai.

Ilikuwa hivi. Ijumaa Kuu, kabla ya ibada, Mzee Adolfu alinipa simu yake niizime sauti, kwa kuwa nilisifika mtaani kwa kujua mambo ya simu. Nikaizima kwa dunia nzima isipokuwa namba moja, yangu, na namba hiyo nikaipa mlio wa jogoo. Msomaji alipofika pale Petro anapomkana Yesu mara ya tatu, mimi nikiwa benchi la mwisho na mkono mfukoni, nikapiga. Jogoo akawika ndani ya koti la Mzee Adolfu, baba yake Salome, msichana niliyempenda, sauti safi, mahali pake kabisa katika Maandiko. Kanisa zima likainua vichwa. Bibi mmoja alipiga magoti na kulia. Hata mimi niliyepiga nilishikwa na hofu ya Mungu, jinsi ilivyolingana.

Mzee Adolfu alijua ni nani kabla jogoo hajamaliza.

Tangu siku hiyo nyumbani kwake sikuwa na jina. Nilikuwa "yule wa jogoo". Na Salome, ambaye tangu tumalize kidato cha sita alikuwa akisimama nami kidogo kila jioni nje ya mashine ya kusaga ya baba yake, akakatazwa kusimama.

Siku ya kwanza aliyoruhusiwa tena, alinikuta nimeegemea ukuta wa mashine, nimejaa unga mabegani kama mzimu.

"Amekubali," alisema.

"Ndoa?"

"We Modesti!" Alinipiga begani, unga ukapaa. "Amekubali kukuona. Mara moja tu. Nimwigize?"

"Mwigize."

Salome alikunja uso, akashusha sauti mpaka ikawa ya baba yake hasa. "'Mwambie aniletee kitu kimoja alichokifanya kwa mikono yake, kisicho na utani ndani yake. Kimoja. Nikiona utani hata punje, asikanyage tena kwangu, na wewe usinitajie jina lake mpaka nazikwa.'"

"Hata punje?"

"Hata punje." Akaacha sauti ya baba yake, akarudi kwenye yake. "Modesti, naomba. Mara hii moja uwe mtu mzima. Mimi sitakuwa na maneno mengine ya kukutetea. Nimeyamaliza."

Aliponiangalia hivyo, macho yake hayakuwa yanacheka. Nimesoma bweni miaka mingi. Nimesimama mbele ya walimu wa zamu wenye fimbo. Sijawahi kuogopa macho ya mtu namna ile.

Kitu chenyewe alikitafuta yeye. Shangazi yake Lydia alikuwa amemtumia bibi yao, Bibi Agnesi, iPad ili aone wajukuu walioko mbali. Bibi aliitumia kufunikia chungu cha maharage. Salome akawaza: tuitengenezee programu, albamu ya ukoo mzima. Majina yote yashuke kwa orodha, kila jina na picha yake, wakubwa kwa vichanga, bila kufuata umri. Bibi asukume kwa kidole, awaone watu wake wote.

"Usiniachie mtu nje," Bibi Agnesi alituagiza. "Hata waliolala. Wote ni wangu."

Tukafanya kazi barazani, mama yake Salome, Mama Margareth, akituona vizuri kupitia dirisha la jikoni. Salome alipiga picha za zamani zilizokuwa kwenye sanduku la bati, mimi nikaandika maagizo ndani ya iPad. Orodha ya kawaida ilitoka haraka, nyeupe, maandishi membamba, kama tangazo la halmashauri.

"Inafanana na majina ya waliofeli," Salome alisema.

"Ndivyo inavyokuja. Ukiiacha ilivyo."

"Basi usiiache ilivyo."

Ndipo nikaanza kuona kile ambacho bado kinanishangaza mpaka leo: msichana huyu ambaye hakuwahi kuandika agizo hata moja aliona mambo ambayo mimi sikuyaona. Alitaka kila mstari uwe mnene, picha iwe duara, upande wa kushoto. Jina la ubatizo juu, jina la Kifipa chini, kwa rangi ya udongo wa mvua ya kwanza. Ule mstari wa kijivu unaotenganisha jina na jina akaufuta. "Ukoo hautenganishwi na uzio," alisema, nikafuta.

Kisha likaja suala la pazia. Picha zilikuwa nzito, na Bibi alikuwa na kidole kisichosubiri. Nikaweka pazia linaloshuka juu ya skrini nzima na kuzuia kuguswa, likiwa na maneno "Subiri kidogo, Bibi". Niliweka jeusi tii.

"Hapana," Salome alisema. "Atadhani tumekufa wote. Lipunguze weusi. Aone kuna watu nyuma yake."

Nikalipunguza. Likawa kama ukungu wa asubuhi Ufipa, ule ambao unaona mtu anakuja lakini hujui bado ni nani.

"Hapo," alinong'ona. Bega lake lilikuwa karibu na langu kiasi kwamba Mama Margareth alikohoa jikoni.

Sasa, nilikuwa na siri moja. Si utani, narudia, si utani. Siku moja tulikwenda kijiji cha Kate na Mama Margareth kuchukua picha kwa ndugu, na Salome alisimama katikati ya shamba la alizeti lililokuwa limechanua, kimya kabisa, mkono kifuani. Sikumuuliza anawaza nini. Nilimtazama tu, na upepo ule wa uwanda, na maua yote yamegeukia upande mmoja, nikajiona mdogo kuliko sisimizi. Basi kwenye programu nikaweka agizo moja ambalo sikumwambia: ukifika kwenye jina la Salome, weka ua dogo la alizeti pembeni mwa picha yake, likipanda kidogo juu ya duara. Nikajaribu na majina ya familia ya Mazwi tu, yaliyotosha skrini moja. Likakaa pale, moja, zuri. Asubuhi ya Jumapili yenyewe zikaja picha za mwisho kutoka Kate na Muze, nikaziingiza zote. Sikujaribu tena. Tulikuwa tunachelewa misa.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye sebule ile.

Walikuwa wamejaa. Bibi Agnesi kwenye kiti cha mbele, miguu imefunikwa blanketi. Mama Margareth na kanga yake ya kanisani. Baba mdogo Timoth, askari magereza, sharubu zake zikiwa zimenyooka kama zinasubiri amri. Binamu kadhaa kwenye mkeka. Na Mzee Adolfu, wima, mgongo ukutani, hajakaa kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Anza."

Niliunganisha iPad na televisheni kwa waya. Pazia likashuka, "Subiri kidogo, Bibi", kisha likapanda, na ukoo ukatokea.

Nilikuwa nimeiona orodha ile mara nyingi mapajani mwangu. Sikuwahi kuiona ikiwa kubwa, ukutani, mbele ya wenyewe. Sebule ilinyamaza kama kanisa wakati wa mageuzo ya mkate na divai. Bibi Agnesi aliinuka, blanketi likaanguka, akaenda mpaka kwenye televisheni na kugusa uso wa mwanamke aliyevaa kilemba.

"Bertilla," alisema. "Dada yangu. Tumekula naye ulezi bakuli moja."

Mzee Adolfu alimeza mate. Nilimwona. Mungu wangu, niliwaza, imekubali.

"Na hilo ni nini?" aliuliza.

Alikuwa ananyooshea kidole jina la Salome, chini kabisa ya skrini. Alizeti iling'aa pale pembeni mwa picha yake, ya manjano, haina aibu hata kidogo.

Salome aligeuka akanitazama. Nielezeje? Hakutabasamu. Midomo yake ilifunguka kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo alidhani hakuna anayelijua.

"Ni pambo, mzee," nilisema.

"Pambo."

"Shusha, mwanangu, shusha!" Bibi aliniokoa. "Nataka niwaone wa Muze."

Nikasukuma kwa kidole. Majina yakapanda, Salome akapotea juu na ua lake, nami nikashusha pumzi. Pumzi haijafika, alizeti ikarudi kutoka chini. Ilikuwa imepandwa sikioni mwa Baba mdogo Timoth, ndani ya sare zake za magereza.

Binamu mmoja aliangua kicheko kwenye mkeka.

"Huyu mtoto ananichezea mimi?" Baba mdogo Timoth alishika sharubu.

"Hapana, baba, ni..." Nikasukuma haraka ili ua limpite. Likampita. Likaibuka tena, safari hii kwa Mzee Adolfu mwenyewe, kwenye picha yake ya suti ya harusi, limemkaa begani kama bibi harusi mdogo.

Hakuna aliyecheka.

"Modesti," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina langu tangu Ijumaa Kuu. "Nilisema punje."

"Mzee, nakuomba..."

"Salome, nilikwambia, au sikukwambia?"

"Baba, ngoja kwanza," Salome alisema, lakini sauti yake ilikatika katikati. Macho yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa ameniambia kwamba maneno ya kunitetea ameyamaliza, na nikaona kwamba ilikuwa kweli.

Nilifanya alichofanya kila mwoga tangu Adamu: nilijificha. Nikaisukuma orodha kwa nguvu zangu zote, mbali na uso wa mzee, na hapo hapo nikabonyeza kitufe cha kujaribia pazia. Likashuka. Lakini pazia, msomaji wangu, lilikuwa lile la Salome, la ukungu. Nyuma yake majina yaliendelea kupanda kwa kasi ya ule msukumo, yakipungua, yakipungua, kisha yakasimama.

Katikati ya ukungu alisimama kijana wa sare za shule, meno nje, kofia ameivaa nyuma mbele. Begani mwake, alizeti.

Mama Margareth aliweka mkono mdomoni.

"Evans," alisema.

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo likitamkwa ndani ya nyumba ile. Mtaani kila mtu alijua: kaka yake Salome, pikipiki, kona za mteremko wa kwenda Muze. Tangu wamzike, Mzee Adolfu alikuwa ameondoa picha zake zote sebuleni. Ile moja Salome aliitoa chini ya godoro lake, kwa kuwa Bibi alisema asiachwe mtu nje.

"Ondoa pazia," Mzee Adolfu alisema.

"Mzee, samah..."

"Ondoa."

Nikaondoa. Evans akang'aa ukutani, na ua lake. Mzee Adolfu alitoka ukutani, hatua zake nzito, akasimama mbele ya televisheni karibu kiasi kwamba mwanga wa manjano ulimpaka shavuni. Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia, ikapotea.

"Lile shamba la Kate," Mama Margareth alisema, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. "Alizeti za kwanza alizipanda mwenyewe. Zilichanua tumeshamzika. Modesti, mwanangu, ulijuaje?"

Sikujua. Nilimtazama Salome, nikamwona tena katikati ya shamba lile, mkono kifuani, na nikaelewa nilichokuwa nimekitazama siku ile bila kukijua.

"Mungu amlinde kijana huyu," Baba mdogo Timoth alisema polepole, sharubu zimelegea. "Kumbe alikuwa na maana."

Tuambizane ukweli. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, mpana kama wa kanisa. Nilichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa na kusema: niliona inafaa, mama. Ningekuwa mkwe kabla ya chai. Sura zote zilinigeukia kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na mtu mzima yeyote, na nakiri ilikuwa tamu.

Salome pekee ndiye aliyekuwa ananitazama tofauti. Yeye aliliona ua kwake kwanza. Alijua. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza. Alisubiri tu aone mimi ni nani.

"Sikumwekea mimi, mama," nilisema. "Ni kosa."

"Kosa gani tena?"

"Programu hii..." Nikaanza upya. "Mama, bwenini kitanda ni kimoja. Anamaliza mwanafunzi huyu, anaingia mwingine. Hawanunui kitanda kipya kwa kila mtu. Na hapa ndivyo. Mistari mnayoiona ni michache tu. Mstari unaopotea juu hauendi mbali, unazunguka, unavaa jina lingine na picha nyingine, unapanda tena kutoka chini. Ukoo wote huu unapita kwenye vitanda hivyo vichache."

"Wote?" Bibi Agnesi aliuliza kwa mshangao. "Sisi wote?"

"Wote, bibi. Sasa mimi kwenye kitanda kimoja nilibandika stika. Mwenyewe akatoka, nikasahau kusema ibanduliwe. Kila aliyelala hapo baadaye akaamka nayo. Ndiyo maana imekwenda kwa Baba mdogo, kwa mzee, na... na kwa Evans. Sikujua habari ya shamba. Naapa."

Mzee Adolfu hakugeuka. Alisema na kioo. "Kwa hiyo limehama lenyewe."

"Kwa uzembe wangu, mzee."

"Na mwenyewe ni nani?"

Nikafungua kifungo cha kooni. "Salome."

Binamu walivuta pumzi mkeka mzima.

"Ulimwekea utani?"

"Hapana, mzee. Mimi nafanya utani na kila kitu, unajua. Hilo ndilo kosa langu la kila siku. Lakini hilo ua si utani. Nilikosa namna nyingine ya kulisema mbele yenu."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Huyu naye alikuwa hivyo hivyo." Alinyooshea picha kwa kidevu. "Utani, utani, utani. Nyumba hii ilikuwa haipumui kwa kucheka." Akapangusa uso kwa kiganja kizima. "Unaweza kurekebisha?"

"Sasa hivi."

"Fanya."

Nikakaa sakafuni na iPad. Salome akaja akakaa kando yangu, mbele ya baba yake, mbele ya askari magereza, mbele ya ukoo mzima.

"Mpumbavu wewe," alinong'ona. "Hukujaribu na majina yote?"

"Nilijaribu na ya Mazwi."

"Na ungeweza kusema umejua. Mama angekubusu."

"Ningependa anibusu mwingine."

"Modesti!" Lakini kidole chake kidogo kilikuwa kimegusa changu kwenye ukingo wa iPad, na hakikuondoka. "Hapo andika. Kila anayeingia, avuliwe kwanza cha aliyetoka."

"Ndicho ninachoandika."

"Najua. Napenda tu kukuona unaandika kitu cha kweli."

Nilikosea herufi mara nyingi kwa agizo fupi namna ile.

"Liondoke kwa Timoth," Mzee Adolfu alisema juu ya vichwa vyetu.

"Ndiyo, mzee."

"Kwangu pia."

"Kwako lilikupendeza," Bibi Agnesi alisema, na sebule ikacheka, kicheko chenye kutu, cha watu ambao hawakukitumia muda mrefu.

"Kwa Evans liache. Liandikie agizo lake mwenyewe, lisihame."

"Halitahama, mzee."

"Na kwa Salome?" Baba mdogo Timoth aliuliza kwa sauti ya mahakamani.

Mzee Adolfu alimtazama binti yake. Yale macho niliyoyaogopa nje ya mashine, nikaona Salome alikoyatoa. "Muulizeni mwenyewe. Ua ni lake."

Salome hakuinua uso. Masikio yake yalikuwa yameiva kwa haya. "Liache," alisema.

Tulisukuma orodha kuanzia juu mpaka mwisho. Ukoo ulipita wote ukutani, na maua yalikuwa mawili tu: la dada, na mbali chini, la kaka.

Jua lilikuwa bado linang'ang'ania vilele vya mikaratusi nilipoaga. Mzee Adolfu alinisindikiza mpaka mlangoni, akatoa simu yake kwenye lile koti, akaitazama kama mtu anayetazama kidonda.

"Hii namba yako," alisema, "bado inawika. Nimeshindwa kuiondoa."

"Nipe, mzee, niiondoe mara moja."

Nilinyoosha mkono. Akairudisha simu mfukoni.

"Ukitaka kuja hapa, piga kwanza. Jogoo akiwika nitajua ni wewe, nitamwambia Salome afungue geti."

Niliinama tu, nikatoka. Salome alinifikisha getini, upepo ukimpeperusha mtandio, akalishika geti bila kulifunga wala kulifungua.

"Usifanye unachofikiria kufanya," alisema.

"Sifikirii chochote."

"Modesti."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nyuma yetu, ndani ya nyumba iliyokuwa kimya tangu mazishi, jogoo aliwika, safi, na kicheko cha Bibi Agnesi kikafuata, kisha sauti nzito ya Mzee Adolfu ikapaa juu ya vyote:

"Salome! Mfungulie mwenzako geti, amefika!"